Njahi ya Wangui

Siku tuliyomzika Nyakio huko Mwihoko, mjukuu wake mmoja anayeitwa Shiru alinifuata mpaka nyuma ya hema, mahali nilipokuwa nimejiweka na kikombe changu cha chai nisisumbuliwe na mtu. Akavuta kiti cha plastiki, akakaa karibu nami mpaka magoti yetu yakagusana. "Cucu," akaniambia kwa sauti ya chini, akiniita nyanya kwa lugha yetu, "eti ni kweli? Ati wewe zamani ulikuwa mkubwa kunishinda mimi, na shosho wetu ndiye alikupunguza?" Nikamtazama. Msichana mzuri, uso ni wa Nyakio kabisa, lakini mwili umemtangulia umri kama wangu ulivyonitangulia mimi. Akaniambia analipia gym pale Githurai 45, amemeza vidonge, amekunywa maji ya ndimu mpaka meno yakaingia ganzi, na bado akipanda ngazi za nyumba anayopanga husimama katikati akijifanya anasoma simu. "Nipe siri yenu, cucu. Shosho alikataa kuniambia. Alisema nikuulize wewe." Nikamwambia aniletee mandazi kwanza. Akacheka akidhani namtania, na sikuwa namtania, tangu asubuhi sikuwa nimetia kitu mdomoni. Lakini alipoondoka nilishukuru, maana machozi yalikuwa yamenilenga na sikutaka ayaone.

Kwa hivyo Nyakio aliniachia mimi kazi ya kusema. Miaka yote hii tulikutana kwenye harusi na matanga, tukashikana mikono, tukaulizana habari za magoti na za wajukuu, na hata siku moja hatukuutaja mwaka ule. Sasa ameenda, nami nimebaki nao peke yangu hapa Ngoingwa kwa mwanangu. Jioni mtoto wa jirani wa ghorofa ya juu akianza kulia, mimi huacha ninachofanya na kusikiliza mpaka anyamazishwe. Mwanangu anafikiri masikio yananisumbua, na juzi alitaka kunipeleka kwa daktari. Masikio yangu ni mazima kabisa. Wacha niandike, Shiru asome akitaka, na asipotaka basi nitakuwa nimejitua mzigo.

Tulikuwa tunakaa laini, katika shamba la kahawa upande wa Ruiru, mimi na mama mkwe wangu Wangui. Laini zilikuwa vyumba vya mawe vilivyoshikana mabega, mlango mmoja na dirisha moja la mbao, na ukuta wa kugawanya chumba na chumba haukufika kwenye bati. Mwashi aliuachia pale juu, sijui saruji ilimwishia au alichoka, kwa hivyo moshi, harufu na maneno yalikuwa ya watu wote. Ukikaanga kitunguu, vyumba vitatu vilijua. Chumbani mwetu mlikuwa na vitanda viwili, mafiga karibu na mlango, chungu cheusi cha Wangui ambacho hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kukigusa, na ukutani msumari ulioshika ngoi, ile ngozi laini ya kumbebea mtoto mgongoni. Mume wangu Mbugua alikuwa na kazi ya mkonge Thika, na alikuja Jumamosi ikiwa amepewa pasi, kwa sababu ilikuwa ile miaka ya hali ya hatari na mtu hakutoka mahali kwenda mahali bila karatasi. Ng'ambo ya ukuta alikaa Nyakio na mtoto wake mchanga, Njuguna. Mume wa Nyakio alikuwa amepakiwa kwenye lori alfajiri moja akapelekwa kizuizini, na hakuna aliyejua ni wapi. Tangu siku hiyo watu walimsalimia Nyakio bila kusimama.

Mimi nami nilikuwa nimezaa mwaka huo, mvua ndefu ilipoanza. Msichana. Kwetu msichana wa kwanza huitwa jina la mama ya mume, na si jina tu, ni yule mama mwenyewe amezaliwa tena. Kwa hivyo mtoto wangu alikuwa Wangui, na mama mkwe wangu tangu siku ile akaacha kuniita Wairimu, akawa ananiita mama. Alifanyia mzaha jambo hilo, kama wafanyavyo wanawake wote wakipata wajina wao. "Mama, jana nimelia sana, hukunisikia?" "Mama, nimejichafua, hebu nibadilishe." Tulicheka mpaka jirani naye akacheka juu ya ukuta. Akanipikia kama mzazi anavyopikiwa: njahi, yale maharagwe meusi yenye mstari mweupe, zimepondwa pamoja na ndizi mbivu, na uji wa wimbi uliochachuka, na juu yake mafuta ya mbuzi, ili maziwa yajae. Nayo yalijaa. Lakini nilikuwa nimezaa vibaya. Nilishikwa na kifafa cha mimba pale hospitali ya misheni Thika mpaka wakadhani nimeenda, na mtoto alitoka mdogo, hana nguvu hata ya kunyonya. Baridi ya Julai ilipoingia, akatuacha. Mbugua na mzee mmoja wa kanisa walimzika mwisho wa shamba karibu na miti ya mpakani, na mimi sikuruhusiwa kwenda.

Asubuhi iliyofuata Wangui aliniamsha akiwa na kibuyu cha uji. "Kunywa, mama," akasema, "maziwa yasikauke." Nilifikiri amesahau. Nilingoja akumbuke, aweke kibuyu chini, tulie pamoja. Hakukumbuka, au alikumbuka na hakukubali. Mpaka leo sijui. Nikanywa, kwa sababu ningemwambia nini? Mchana akaleta njahi. Jioni akaleta njahi. Wiki zikapita na chungu kile hakikupoa. Akaendelea kuniita mama, lakini sasa bila mzaha, kwa sauti nyororo ya mtu anayeomba. Nilipokula alikaa mbele yangu kwenye kigoda, na midomo yake ilitafuna pamoja na yangu, nikimeza anameza. Njuguna alipolia ng'ambo ya ukuta maziwa yangu yalitoka yenyewe yakalowesha nguo, na Wangui alipoona ule unyevu kifuani mwangu alitabasamu, akaenda kuchochea moto. Nasema wazi, nilikuwa naogopa. Nje kulikuwa na askari wenye bunduki, lakini mimi nilikuwa namwogopa mama mzee na mwiko wake.

Na mwili ukapokea. Nilikuwa mnene tangu usichana, sikatai, lakini sasa nikajaa mlango. Mapaja yalisuguana mpaka yakatoka vidonda, na kutoka chumbani hadi kwenye bomba la maji nilisimama mara mbili nikijifanya natoa jiwe kwenye kiatu, na mara nyingi sikuwa hata na kiatu. Siku moja kwenye foleni ya posho, tukingoja unga, niliwasikia wanawake wawili nyuma yangu. "Huyu anakula wapi, na sisi tumebaki mifupa?" Mwenzake akajibu, "Uliza anapikiwa na nani. Labda ana rafiki yake kule kwa walinzi wa serikali." Maneno kama hayo wakati ule yangeweza kumchomea mtu nyumba, yakifika kwa masikio ya upande wowote. Niligeuka nikawatazama, wakatazama chini. Mbugua naye, badala ya kushtuka, alifurahi. Alipenda kutembea nami Jumapili akiwa amenyoosha shingo. "Wakikuona," alikuwa akisema, "watajua Mbugua anafanya kazi."

Hiyo shingo ilikunjika mwezi wa tisa. Miguu yangu ilikuwa imefura, kichwa kinapiga kama mtu anatwanga ndani, na Mbugua akanipeleka Thika kwa gari la moshi. Pale hospitali tulimpata sista yuleyule aliyenizalisha, mzungu mfupi, mkali, mwenye Kiswahili cha kubomoabomoa. Akanibonyeza mguu kwa kidole, na shimo likabaki pale likinitazama. "Wewe nakula chakula ya watu wangapi?" akaniuliza. Akanifunga mkono kwa kile kitambaa cha kupimia, akasoma, akasoma tena, halafu akamgeukia Mbugua. "Damu yake iko juu sana. Yeye nashika mimba na mwili hii, kifafa narudi. Sisi tazika mama na mtoto. Kwanza pungua. Kula nusu, acha mafuta, acha chumvi, tembea mingi. Ikipungua, kuja tena, tuone." Mbugua alikuwa anatazama viatu vyake. Njiani kurudi, tulipokaribia Ruiru, akanigeukia. "Usimwambie mama," akasema. Nikamuuliza kwa nini. "Utamwambia nini, Wairimu? Kwamba ni chakula chake?"

Basi jambo lenyewe lilikuwa hivyo. Wangui alitaka azaliwe tena, maana msichana atakayefuata angepewa jina lilelile, na mlango wa kuzaliwa ulikuwa mmoja tu, mimi. Na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa anauziba mlango huo kila siku, kwa upendo wote alionao. Nami nilimtaka mtoto huyo, tena nilimtaka kuliko yeye. Nilikuwa na miaka ishirini na sikuwa tayari kufa, wala kukaa maisha yangu yote nikiwa mzazi wa mtoto ambaye hayupo.

Nilijaribu peke yangu na nikashindwa siku ileile. Nilikula nusu ya sahani, nikaisukuma. Wangui hakugomba. Ningependa angegomba. Aliishika sahani kwa mikono miwili, akaniambia polepole, "Mama, unataka nife?" Nikamnyang'anya ile sahani nikala yote, nikaomba nyingine. Alipotoka kwenda kutafuta kuni nilijitupa kitandani nikalia na blanketi mdomoni. Ndipo sauti ikaja kutoka juu ya ukuta. "Wairimu. Wewe unalia kimya, lakini hicho kitanda kinapiga kelele." Nilicheka na kamasi puani. Nyakio akaendelea, bila haraka, kama mtu anayeongea huku akimenya viazi. "Nimesikia mambo ya sista. Mbugua wako usiku hajui kunong'ona, mama yake anakoroma, yeye anaongea kama yuko mnadani. Sasa sikiza. Wewe umeshiba mpaka unaumwa, na mimi nina njaa mpaka maziwa yanakauka na mtoto ananyonya upepo. Hatuwezi kusaidiana?"

Wangui alikuwa amenikataza kuzungumza na Nyakio. "Yule mwanamke atatuletea askari mlangoni," alisema, na hakuwa anadanganya, watu walihojiwa kwa sababu ndogo kuliko hiyo, na pasi ya Mbugua ingeweza kuchukuliwa hivi hivi. Lakini kahawa ilikuwa imeanza kuiva, na kwenye kuchuma nyapara alipanga watu kwa mistari ya mikahawa kama alivyopenda, na hakuna aliyejali kama mimi na Nyakio tulipata mistari iliyopakana. Wangui hakuwa na nguvu ya kuchuma tena. Alibaki nyumbani, akanifungia njahi ya mchana kwenye jani la mgomba. Nyakio alikula nusu. Jioni Wangui alipoenda kwenye bomba, nilipanda juu ya kitanda na kupitisha bakuli juu ya ukuta, Nyakio akalipokea, akalirudisha likiwa nusu. Kitanda kililia kila mara. "Polepole," alikuwa akiniambia kutoka kule, "ukivunja kitanda utamweleza nini huyo mzee, kwamba ulikuwa unaruka kamba?"

Na kutembea. Baada ya kazi tulienda mtoni kuteka maji, ingawa bomba lilikuwa karibu, na Wangui alifikiri naenda kuoga. Mto Ruiru uko chini na kupanda kwake kunakata roho. Nilibeba debe mgongoni, ukanda ukinikaza kipaji cha uso, na Nyakio alikuja nyuma yangu na debe lake, na Njuguna amemfunga kifuani. Hakunionea huruma hata kidogo. Nikisimama alisimama. Nikilia alitazama pembeni kana kwamba kuna ndege anayemtafuta. "Leo tunaacha mguu mmoja hapa," alikuwa akisema tukifika katikati. "Kesho tutaacha wa pili, halafu utabingirika mpaka nyumbani." Nilimchukia pale kwenye mteremko. Tukifika juu nilimpenda kama dada.

Kisha Wangui akaona. Nguo yangu ilikuwa imeanza kulegea mabegani, na mashavu yakaingia ndani kidogo. Kwake yeye, na kwa mtu yeyote wa wakati ule, mwanamke akipungua ni mgonjwa, au ana kilio, au kuna kitu kinamnyonya. Akaongeza mafuta kwenye uji. Akaleta wamama wawili wa kanisa waniombee. Walikuja Jumapili moja mchana, wakakaa kwenye kitanda cha Wangui wakiwa wamevaa vitambaa vyeupe, wakaomba kwa muda mrefu, na baada ya maombi hawakuondoka. Wangui akapakua. Sahani iliyojaa ikawekwa mbele yangu, na wote watatu wakanitazama. "Kula, binti," akasema mmoja wao, "tuone ukila, tufurahi." Nilitafuta namna ya kutoka na hakukuwa na namna. Nikaanza. Wangui alikaa kwenye kigoda chake na midomo yake ikaanza kutafuna. Nilipofika nusu nilisimamisha mkono, akafungua kinywa kidogo, kama kitoto cha ndege, akaningojea. Nilikula yote. Nilikula nikiwa nasikia ng'ambo ya ukuta Nyakio anatembea huku na huku na Njuguna analia, kwanza kilio cha hasira, halafu kile kilio chembamba cha mtoto asiyepata kitu, ambacho nilikuwa nakijua. Wale wamama walisema Mungu ni mwema. Wangui alifuta midomo yangu kwa pembe ya leso yake.

Kesho yake kwenye kahawa nilimwambia Nyakio kwamba nimeacha. Kwamba siwezi kumfanyia mama wa watu hivyo, kwamba afadhali niwe mnene nizeeke naye. Nyakio alimaliza kwanza kuchuma mti mzima. Halafu akatua kikapu. "Unafikiri ninakusaidia wewe?" akaniuliza. "Mimi sina nguvu ya kusaidia mtu, Wairimu. Ninasaidia maziwa yangu. Jana ulipokula yote, huyu hakulala. Leo ukila yote, hatalala. Ukitaka kumhurumia mtu, mhurumie huyu ambaye yuko." Nilimkasirikia sana kwa neno hilo, ambaye yuko. Nilichuma mpaka jioni bila kumtazama. Lakini jioni ile nilipanda juu ya kitanda.

Shiru, kama umefika hapa, basi umesikia siri yote, na najua haikufai kwa gym yako. Sikuwahi kuipenda njaa, na sikuwahi kuwa na moyo mgumu. Nilikuwa na mtu upande wa pili ambaye nusu yangu ilikuwa maisha yake, na siku nilipolegea nilisikia kwa masikio yangu nani anaumia. Huyo aliyekuwa analia ni baba yako, huyu mzee mwenye kitambi aliyekuwa akigawa soda kwenye mazishi. Usimwambie nilimtaja.

Karibu na mwisho wa msimu Nyakio alinipeleka kiwandani, kule kahawa inakooshwa, palipokuwa na mizani ya magunia. Mtu wa mizani alikuwa mcheshi na alimpenda Nyakio kwa mbali. Mara ya kwanza, siku tulipoanza, alikuwa amenipandisha pale wakati nyapara amekwenda kula, akatangaza kwamba mimi ni gunia zima la kahawa na zaidi ya nusu ya la pili, na wanaume wa kupakia wakacheka mpaka nikataka kujizika. Sasa akanipandisha tena. Akasogeza chuma chake, akakisogeza, akakuna kichwa. "Hili gunia limetoboka," akasema. "Kahawa imemwagikia wapi?" Nyakio, ambaye mashavu yake yalikuwa yameanza kurudi na mtoto mgongoni mzito kama jiwe, alitazama pembeni akitafuta ndege wake. Nilishuka pale nikiwa na furaha ambayo sikuwa nimeipata tangu Julai. Ilinitia haya, kwa sababu kila kilichotoka kwangu kilikuwa kimewekwa pale kwa ajili ya mtu mwingine.

Nitangulize mambo ya mbele, yasinisumbue mwisho. Sista alinipima akasema sasa ndiyo, na mwaka uliofuata nilizaa bila kifafa, mvulana. Halafu wavulana wengine watatu. Kila mara Wangui alikuwa mlangoni, mzee zaidi, akiuliza "Ni nani?", kama tunavyouliza kwetu mtoto akija. Na kila mara mkunga alimtajia jina la mwanamume. Alifurahi, aliwabeba wote, aliwalea mpaka akaaga. Jina lake halikurudi nyumbani kwangu. Jioni ninapomsikia yule mtoto wa ghorofani bado kuna kitu ndani yangu kinachoinuka kwenda kumchukua, na najua ninayetaka kumchukua ni nani.

Sasa nirudi kwenye msimu ule wa kahawa, siku Wangui alipotujua. Ilikuwa mchana, jua kali, na ni mimi niliyesahau kibuyu cha uji nyumbani. Tulikuwa tumekaa chini ya mkahawa mkubwa mwisho wa mstari. Mimi nilikuwa nimekula nusu yangu, nimefuta mikono. Nyakio alikuwa na jani la njahi mapajani, kinywa kimejaa, na Njuguna yuko kwenye ziwa, ananyonya kwa kelele. Niliinua macho nikamwona Wangui amesimama katikati ya mistari na kibuyu changu mkononi. Alikuwa hajawahi kuja shambani mwaka huo wote. Nilisimama haraka, na naamini hapo ndipo alipoelewa, aliponiona nasimama haraka bila kushika mti wala kitu. Gauni lilikuwa limenining'inia, nimelikaza kiunoni kwa kamba ya mkonge. Alinitazama kuanzia miguuni mpaka kichwani.

Nyapara hakuwa mbali. Kama Wangui angepiga kelele, watu wangekuja, na wa kuulizwa angekuwa mke wa mtu aliyeko kizuizini. Nyakio hakuficha jani. Alimeza alichokuwa nacho kinywani, akasema, "Mama, hiki ni chakula chako. Nimekuwa nikila kila siku. Lakini mwenye kula zaidi ni huyu." Wangui akaja mpaka karibu. Aliinama, magoti yakilalamika, akaweka kidole kwenye pembe ya mdomo wa Njuguna ambapo maziwa yalikuwa yamemwagika, akakitazama kile kidole.

"Anashiba?" akauliza.

"Siku hizi anashiba," Nyakio akasema.

Wangui alikifuta kile kidole kwa pembe ya leso yake. Halafu bila kugeuka akasema, "Wewe yako yamekauka." Hakuwa ananiuliza, lakini nilimjibu. Nikamwambia, yamekauka, mama. "Tangu lini?" Nikamwambia, siku nyingi. Akatikisa kichwa kukubali, polepole, mara kadhaa, kama mtu anayepewa habari ya msiba ambayo alikwisha kuiona usoni mwa mjumbe. Akakifungua kibuyu. Akakishika kwa mikono miwili, akampa Nyakio. "Kunywa, mama," akamwambia, "yasikauke."

Miezi yote ile nilikuwa nimeomba neno hilo, mama, litoke juu yangu. Nilikuwa nimepanda mlima na debe, nimelala njaa, nimedanganya. Sasa lilikuwa limetoka, limekwenda kwa mwingine mbele ya macho yangu, na nilitaka kulinyakua nilirudishe. Nilifungua mdomo kumwambia mimi bado ni mama yake. Wangui alikwisha kujiinua. Alishika mkono wangu juu ya kiwiko, pale ambapo nyama ilikuwa imepungua, akapapasa mfupa kwa vidole, na alipozungumza sauti yake ilikuwa ile ya siku nilipoletwa kwao nikiwa bibi harusi.

"Wairimu," akasema. "Twende nyumbani."

Nikamfuata katikati ya mikahawa, miguu yangu ikinibeba vizuri, nikimlilia mtoto wangu kwa mara ya kwanza, na yeye mbele yangu akijililia mwenyewe.